Makerere, Kyambogo, Mbarara au Gulu: utalala wapi, utarithi nini, utatumwa kijiji gani

Matokeo ya S6, yaani kidato cha sita, yakitoka, swali la kwanza nyumbani huwa la pointi: zinatosha kozi gani? Jibu lake ni jepesi kuliko linavyoonekana, maana hesabu ni moja kwa vyuo vyote vya umma Uganda. A ni 6, B ni 5, zinashuka hivyo hadi E ambayo ni 2 na O ambayo ni 1. Masomo mawili yanayobeba kozi huzidishwa kwa 3, la tatu kwa 2, General Paper na lile somo dogo la ziada kwa 1 kila moja. Mwenye A mbili, B moja na aliyefaulu hayo madogo mawili anafika 36 + 10 + 2, yaani 48, kabla ya sehemu ndogo ya O-level kuongezwa. Akiwa msichana anaongezewa 1.5. Linganisha namba hiyo na kiwango cha kozi cha mwaka uliopita, na sehemu hiyo imekwisha.

Orodha za udahili haziandiki utakavyoishi miaka mitatu hadi mitano. Hapa tumeviweka kando kwa kando vyuo vinne ambavyo familia nyingi hubaki navyo mwishoni, Makerere, Kyambogo, Mbarara na Gulu, na kuviuliza mambo matatu: utalala na kula wapi, chuo kina urithi gani unaoweza kuutumia, na kitakutuma kwenye jamii kufanya nini. Msimamo wetu tuutoe mapema: la tatu ndilo linalotenganisha vyuo hivi kuliko yote, nalo ndilo watu hawaliulizi. Kuna vyuo ambako kwenda kijijini kumo kwenye ratiba na kunapewa alama, na vipo ambako mwanafunzi anaweza kumaliza shahada bila kuvuka barabara ya Bombo, ile inayopita jirani na chuo.

Kulala na kula

Makerere kila anayepokelewa hupewa bweni, hata kama hatalala humo usiku mmoja. Ya wavulana ni sita: Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall. Ya wasichana ni matatu: Mary Stuart, Africa na Complex. Bweni ni kama kabila la pili. Unachezea timu yake, unapiga kura kupitia kwake, na ukiwa Lumumba utaambiwa una undugu na Mary Stuart, undugu ambao wenyewe huuita Lumbox na huusherehekea kwa kelele zinazosikika hadi Wandegeya. Mtoto mpole anayependa kusoma saa 8 usiku anaweza kuwa hapo, lakini anunue vizibo vya masikio.

Mabweni hayo ni makongwe, na yamekuwa yakifungwa moja baada ya jingine ili yakarabatiwe. Kwa hiyo barua ya kupokelewa yenye jina la bweni si ufunguo wa chumba. Uliza mapema kama bweni lako linalaza watu mwaka huo. Mwanafunzi anayelipiwa na serikali, akiishi nje, hupewa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita faranga. Fedha hizo hufuata usajili kukamilika, basi usimwahidi mwenye hosteli tarehe ukiitegemea faranga.

Wengi huishia hosteli za Kikoni, Wandegeya na Nakulabye. Kodi hulipwa kwa semesta, na hapo ndipo pa kufungua macho. Semesta mbili hazijumuishi muhula mfupi wa katikati ya mwaka, wakati ambapo wanafunzi wa kozi nyingi za vitendo hubaki mjini wiki kama 10. Muhula huo una bei yake, nayo huulizwa kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Uliza pia mita ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba au ni moja kwa jengo zima. Ikiwa ni moja, jirani mwenye jiko la umeme anapika kwa pesa yako. Fedha ya kushika chumba, mara nyingi hairudi: iandikwe kwenye risiti inakatwa kwenye kodi au inapotea. Tena usikague hosteli mchana peke yake. Nenda saa 2 usiku uone njia ya kutoka lango la chuo hadi mlangoni ina taa au ina giza, na ukiweza nenda siku ya mvua, kwa sababu mabonde yanayoelekea Bwaise hujaa maji kwa saa moja tu.

Chakula Wandegeya hakijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kukila kile kile. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, kabichi, kitunguu na nyanya, na wenyeji wa Wandegeya hawatakubali kwamba ilizaliwa mahali pengine. Fedha ikipungua inakuja kikomando: chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharagwe. Mwisho wa semesta utaitambua hali ya mwanafunzi kwa kuangalia sahani yake.

Kyambogo ni kilima upande wa mashariki wa Kampala, kilomita kama 8 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Jinja. Nafasi za kulala ndani ni chache kulinganisha na idadi ya wanafunzi, na kwa wengi hiki ni chuo cha kuja na kurudi: hosteli na vyumba vya kupanga viko Banda, chini tu ya kilima, na Kireka. Faida yake ni kwamba anayeishi na wazazi Mukono, Seeta au Bweyogerere anaweza kulala kwao. Hasara ni barabara yenyewe. Mwenye kipindi cha saa 2 asubuhi akitoka Mukono saa 1, taksi inaweza kumfikisha mwalimu akifuta ubao. Ukichagua Kyambogo kwa ajili ya kuokoa kodi, hesabu nauli ya siku tano mara wiki 17 za semesta, halafu linganisha na chumba cha Banda. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na saa mbili za usingizi hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mbarara, kilomita 270 hivi kutoka Kampala, maisha yana ukubwa wa mji wenyewe. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wako mjini, ukuta kwa ukuta na hospitali ya rufaa. Kuna kampasi nyingine Kihumuro, nje kidogo kwa barabara ya Bushenyi, na wa uhandisi huko ndiko kwao. Kabla ya kulipia chumba jua kozi yako iko kampasi gani, kwani nauli ya boda kila asubuhi itakula akiba yote ya kuishi mji wa bei nafuu. Maziwa ni mengi na mazuri, matoke hayakosekani, na usiku kuna baridi inayowashangaza watu wa Tororo. Beba sweta la kweli. Starehe za usiku zipo, ila ni za mji wa nyumbani: mhadhiri wako atakuwa meza ya pili.

Gulu ni kilomita 330 kaskazini, unavuka Nile pale Karuma. Chuo kiko Laroo, pembeni mwa jiji, na wengi hupanga chumba kimoja kwa mwezi kuliko hosteli kwa semesta. Hilo linamsaidia mzazi asiye na fedha nyingi kwa mkupuo. Ardhi ni tambarare, basi baiskeli ni mali. Desemba hadi Machi ni kiangazi cha vumbi na joto, na chumba chenye bati bila dari mchana ni tanuri. Angalia dari kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Mezani kuna mboga za majani, malakwang na boo, zilizopikwa kwa odii, yaani ufuta na karanga zilizosagwa. Anayekuja na tumbo la Kampala huanza kwa kusitasita, na kufika mwezi wa pili anamwuliza mama wa kibanda kama imebaki.

Urithi, na namna ya kuutumia

Hapa mizani hailingani, na hatutajifanya inalingana. Makerere ilianza 1922 na wavulana 14 wa kutwa, wakisoma useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ikawa chuo kishiriki cha London 1949, ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, na kusimama yenyewe 1970. Nyerere alisomea ualimu hapo katika miaka ya 1940. Obote, Mkapa na Kibaki nao walipita. Kwa msomaji wa Kiswahili, hakuna kilima kingine Uganda ambacho historia ya Kenya na Tanzania imekaa kiasi hicho.

Lakini majina ya marais ni sehemu nyepesi ya urithi huo. Sehemu nzito imeandikwa kwenye majengo. Bweni la Nsibirwa lina jina la Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda aliyepigania sheria iliyowezesha ardhi kupatikana kwa upanuzi wa chuo. Aliuawa kwa risasi Namirembe tarehe 5 Septemba 1945, sheria ikiwa imepita siku iliyotangulia. Mwaka huo huo wanawake sita wa kwanza walipokelewa, na chuo kikalazimika kuacha kaulimbiu yake iliyowataka wanafunzi wawe wanaume na kuchukua hii ya sasa ya kujenga kwa ajili ya mbele. Jengo la madarasa la Frank Kalimuzo limepewa jina la makamu mkuu wa chuo aliyechukuliwa na watu wa Idi Amin 1972 na hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia mabwenini na kuwapiga wanafunzi. Hata migomo ya chakula ina ukoo: Abu Mayanja alifukuzwa 1952 kwa kuongoza mmoja wapo, kisha akasoma Cambridge na kuja kuwa waziri. Jengo Kuu lenye mnara, la 1941, liliungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura ile ile na kufunguliwa tena 2024.

Urithi wa namna hii una faida ikiwa tu mwanafunzi ataingia ndani yake. Shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell ina jumba la maonyesho. Mkusanyiko wa Makumbusho ya Uganda ulihifadhiwa kwenye shule hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 hadi ulipohamia kilima cha Kitante 1954. Idara ya sanaa za maonyesho ina hazina ya muziki wa zamani yenye jina la Klaus Wachsmann, ambamo mwanafunzi wa muziki anaweza kusikiliza ngoma za kijiji cha babu yake zilizorekodiwa kabla babu hajaoa. Huendi huko ukasema unataka kuangalia tu. Andika barua fupi kupitia mkuu wa idara yako, taja kitu unachotafuta, beba kitambulisho, na mlango utafunguka. Wengi humaliza miaka minne wakijua tu mahali pa kupigia picha mbele ya mnara.

Angalizo dogo kuhusu kupiga picha: kaloli, korongo wale wakubwa wenye kipara, wametawala miti ya Makerere na Wandegeya. Siku ya mahafali usisimame chini ya mti, joho litaharibika.

Kyambogo ina urithi ambao watu huudharau bure. Chuo kikuu ni cha 2003, lakini kiliunganisha taasisi tatu zenye mizizi yao: chuo cha ufundi, ambacho chanzo chake kilikuwa Makerere kabla ya kuhamia kilimani, chuo cha ualimu, na taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Hii ya tatu ndiyo inayoipa Kyambogo kitu ambacho vyuo vingine havijakifikia, yaani ualimu wa watoto wenye ulemavu, maandishi ya nukta nundu, na ukalimani wa lugha ya ishara. Ukitembea kilimani hutashangaa kuona wanafunzi wawili wakibishana kwa mikono bila sauti. Kwa mwanafunzi kiziwi au asiyeona, sababu hiyo moja inatosha kuiweka Kyambogo juu ya orodha.

Mbarara ilianza 1989, chuo kikuu cha pili cha umma nchini, ikiwa imepita miaka mitatu tu tangu vita vya msituni viishe. Nchi ilihitaji madaktari watakaokubali kukaa mashambani, na chuo kikapangwa kuanzia siku ya kwanza kwa shabaha hiyo. Gulu ilifungua milango 2002, Waacholi wengi wakiwa bado kambini kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA, na ikachagua mabadiliko ya jamii kuwa kaulimbiu. Vyuo hivi viwili havina majengo ya kujivunia. Urithi wao umo kwenye mitaala, na huo unatupeleka kwenye sehemu inayofuata.

Huduma kwa jamii: nani anakutuma, na ukifika unafanya nini

Mbarara kwa mwanafunzi wa afya hakuna kukwepa. Anapangwa kwenye timu inayochanganya udaktari, uuguzi, famasia na maabara, na timu inakwenda kuishi kwenye kituo cha afya cha mashambani, daraja la III au la IV. Kituo cha III ni cha kata; cha IV kina chumba cha upasuaji na daktari. Asubuhi ni kituoni, mchana ni vijijini na wahudumu wa afya wa kijiji. Kazi kuu huitwa uchunguzi wa jamii. Mnakwenda nyumba kwa nyumba kuhesabu vyoo, vyandarua, vichanja vya vyombo na mahali pa kunawia, kisha mnakaa na wanakijiji kuchagua tatizo moja mnaloweza kuligusa kabla ya kuondoka. Timu inayochagua matatizo matano hurudi na ripoti nene na kijiji kile kile.

Mfano unaojirudia ni kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Kwa macho ni kitu cha dakika kumi. Kwa vitendo kina vipimo: nguzo mbili zenye panda juu, urefu wa mita 2, zifukiwe nusu mita, ziachane sentimita kama 70. Mti mwembamba unapita kwenye mpini wa dumu la lita 5 na kulala kwenye panda. Tundu hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko, upande wa mbele. Kamba inafungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanatoka kidogo kidogo, mkono haugusi kitu. Ukitoboa tundu karibu na kitako, dumu linavuja lenyewe na asubuhi ni tupu. Ukitumia mti mbichi usiojulikana, mchwa wanaumaliza kabla ya semesta kuisha. Waulize wazee mti gani hauliwi. Sabuni iliyowekwa juu ya jiwe huchukuliwa na watoto au panya, kwa hiyo itobolewe na kufungwa kwa uzi ndani ya kopo lililogeuzwa ili mvua isiiyeyushe. Na kabla hamjachimba shimo la kwanza, nyumba hiyo iseme nani atajaza maji, kwa jina. Vibuyu vingi hufa kwa sababu swali hilo halikuulizwa.

Gulu ina mpango wa namna hiyo kwa wanafunzi wa udaktari, nao hupelekwa vituo vya afya vya kaskazini. Hospitali ya Lacor iko karibu na imekuwa mahali pa kujifunzia. Upekee wa Gulu, hata hivyo, uko kilimo. Mwanafunzi huunganishwa na familia ya mkulima, akarudi kwao mara kwa mara na kufuata shamba lao: ufuta, karanga, mtama, muhogo. Mkulima anamfundisha mwanafunzi udongo, mwanafunzi analeta nafasi za kupandia, mbegu na hesabu ya gharama. Panapoharibika ni kalenda. Mvua za kaskazini huanza Aprili hivi, na semesta haiijui mvua. Mwanafunzi anayekwenda mara ya kwanza Februari atakuta majivu na mbuzi. Mwerevu huomba apangiwe familia mapema, akaanza na kuhesabu ghala na madeni ya msimu uliopita wakati akisubiri mvua.

Kyambogo huduma yake ni darasani. Mwanafunzi wa ualimu anapelekwa shule halisi kufundisha, na mkaguzi kutoka chuoni huja bila kupiga hodi. Anachokagua kwanza ni faili: mpango wa kazi wa muhula, andalio la kila somo lenye tarehe, rekodi ya kazi iliyofanywa, alama za wanafunzi. Kipindi kizuri bila andalio hupoteza alama. Kibaya kilichoandaliwa hupata za kutosha. Kosa kubwa huanza mapema zaidi, kwenye kuchagua shule kwa ukaribu na nyumbani bila kuuliza ina vipindi vingapi vya somo lako. Ukipewa vipindi viwili kwa wiki, mkaguzi atakuja siku usiyofundisha. Nyingine ni walimu wenyeji wanaokukabidhi mzigo wao wote kwa furaha, ukajikuta na vipindi 25 na daftari 300 za kusahihisha. Makubaliano yafanywe siku ya kwanza mbele ya mwalimu wa taaluma. Beba chaki zako, karatasi za manila na kalamu nene. Shule nyingi zitakupa darasa na ubao, basi.

Makerere ina huduma nyingi kuliko vyote, na ni rahisi kuliko kote kuzikosa. Wanafunzi wa afya wanao mpango wa kwenda vijijini tangu mtaala ulipobadilishwa 2003. Wa kilimo wana Kabanyolo, shamba la utafiti la chuo kaskazini mwa Kampala. Lakini wa biashara, sosholojia au kompyuta lazima ajitafutie. Milango ipo. Shule ya sheria ina kliniki inayowasaidia wasio na uwezo, na Refugee Law Project, iliyo chini ya shule hiyo hiyo tangu 1999, huwahudumia wakimbizi na kuendesha kituo cha kumbukumbu za vita Kitgum. Chuo cha kompyuta ndicho kilichozaa AirQo, vipima hewa vilivyofungwa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda ili kuonyesha Kampala inavuta nini. Anayetaka kuingia aende mwaka wa kwanza, si wa mwisho. Aende na kitu anachoweza kufanya, kama kuingiza takwimu au kutafsiri, maana nia njema bila kazi mkononi huwachosha wenyeji.

Kokote utakakotumwa, mambo kadhaa hayabadiliki. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aonwe kabla ya nyumba ya kwanza, barua ya chuo mkononi. Timu iliyoanza bila yeye husimamishwa katikati ya kijiji. Usiahidi dawa, choo wala kurudi. Picha iombwe. Na mkobani kuwe na chandarua, gamboti, tochi, godoro jembamba na sufuria, kwa kuwa neno malazi kwenye barua linaweza kumaanisha chumba kitupu chenye sakafu safi.

Kiswahili kitakufikisha wapi

Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Mtaani ni habari nyingine. Kampala utajibiwa Kiganda, na wazee wengine bado wanakisikia Kiswahili kama sauti ya askari kwenye kizuizi. Anza kwa salamu ya Kiganda, kisha omba ruhusa. Makerere na Kyambogo hufundisha Kiswahili, na kwa anayetaka kuwa mwalimu wake Kyambogo ina njia fupi zaidi hadi darasani. Mbarara mjini ni Kinyankole, lakini kambi ya wakimbizi ya Nakivale iko Isingiro, wilaya jirani, na humo Wakongo wengi huongea Kiswahili. Mwanafunzi wa afya anayekijua huwa dhahabu ya timu. Gulu ni Kiacholi kwanza. Kiswahili kitakusaidia sokoni na stendi, kijijini utahitaji mkalimani.

Ndugu wa Busia, Malaba na Tororo hutuuliza kuhusu Busitema, iliyo karibu nao kuliko vyote hivi. Ni chuo cha 2007, na ushauri ni mmoja: ukiambiwa Busitema, uliza Busitema ipi. Uhandisi uko Busitema kwenyewe, udaktari uko Mbale, kilimo kiko Arapai karibu na Soroti, na Namasagali iko ukingoni mwa Nile, palipokuwa mwisho wa reli ya Busoga. Ni maisha manne tofauti kwenye barua zenye nembo moja. Watu wa West Nile nao wana Muni, Arua, iliyoanza kupokea wanafunzi 2013.

Fedha kwa haraka

Mkopo wa serikali uliopo tangu 2014 hulipa karo, ada za chuo na utafiti. Haulipi chumba wala chakula. Kwa hiyo mwenye mkopo asipime vyuo kwa karo, apime kwa kodi na sahani, na hapo Gulu na Mbarara huishinda Kampala. Malipo yote hupita kwa namba ya PRN inayotolewa na mfumo wa chuo. Namba hiyo huisha muda, basi itoe siku unayolipa, na usimpe mtu fedha taslimu akulipie hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Nani aende wapi

Anayesomea udaktari na ana moyo wa mashambani, Mbarara kwanza, Gulu ya pili, hata kama pointi zinamruhusu Makerere. Atagusa wagonjwa mapema na kwa foleni fupi ya wanafunzi kitandani. Anayetaka utafiti mkubwa na magonjwa adimu, hospitali ya Mulago iko mlangoni mwa Makerere na hakuna mbadala. Wa kilimo anayetaka shamba, Gulu. Anayetaka maabara, Makerere. Mwalimu, fundi, mkalimani wa ishara, Kyambogo bila kujieleza kwa mtu. Msanii, mwanasheria, mwanasiasa wa kesho, Makerere, ila ajue kwamba tangu mwanafunzi alipouawa kwenye kampeni za serikali ya wanafunzi 2022, siasa za kilimani hazina tena uhuru wa zamani wa kuzunguka na matarumbeta.

Ukibaki na viwili mkononi, piga simu idara ya kozi yenyewe, usipige ofisi kuu, na uulize: mwanafunzi wa mwaka wa pili anatumwa wapi, kwa wiki ngapi, nauli analipa nani, na alama zake zinaingia kwenye somo gani? Idara inayotuma watu kweli itakujibu kwa majina ya wilaya. Ukisikia tu kwamba mambo hayo hupangwa baadaye, andika hivyo hivyo kwenye karatasi yako, kisha pigia ya pili.